Mwavuli Nyuma ya Goli

Neema, na ninyi wenzake wa timu ya hapa Msasani yetu ya Unyakyusa, si ile ya pwani, Jumamosi iliyopita niliwasikia mkicheka. Macho yangu yamechoka, lakini masikio bado ni ya kazi. Mlikuwa mnamcheka mume wangu, Mzee Ambakisye, kwa sababu alisimama nyuma ya goli lenu mchezo mzima, miguu inatazama barabarani, mwavuli mweusi ameulaza begani ukamfunika kichwa na mgongo, na mvua yenyewe haipo. Yule kipa wenu mwenye kucha za rangi, Glory, akanijia kabisa: "Bibi, babu anasubiri basi?" Nikacheka na mimi. Kweli alikuwa kama mtu anayesubiri basi.

Neema ndiye hakucheka. Kwa msiomjua vizuri, Neema ni mke wa mwanangu wa mwisho, Lugano, na ndiye beki wa kati wa timu hiyo. Jioni alikuja jikoni, akaviweka viatu vyake vya mpira juu ya gunia la mkaa, vile vya rangi ya ndizi mbivu, akasema, "Mama, mimi naacha. Mpe yeyote atakayevitaka. Baba mkwe ananipa mgongo mbele za watu. Kama namtia aibu, basi yaishe."

Nilikuwa nageuza ndizi na zilikuwa zimeanza kushika sufuria. Halafu jambo lenyewe si la kusemwa huku mtu ameshika mwiko. Kwa hiyo naandika. Darasa la nne ndiko nilikoishia, panapopinda mtanyoosha wenyewe. Neema, viatu bado viko juu ya gunia. Usimpe mtu mpaka umalize kusoma.

Mimi nilikuwa beki. Najua mnaniona hivi nilivyo, natembea kama nabeba mayai, mnadhani nilizaliwa na fimbo. Nilicheza tangu nikiwa mchumaji wa chai, mtoto wangu wa kwanza bado ananyonya, mpaka magoti yalipokataa. Timu yetu ilikuwa ya wanawake wa shamba la chai. Nikifumba macho nawaona wote: Tumpe golini, Sekela na Atupele pembeni, Mwamvita katikati, Subilaga mbele, ambaye alikuwa akikimbia mdomo wazi kama anakunywa upepo. Majina yote ninayo, hata ya waliokaa nje wakishika watoto wetu. Ni majina mawili tu ambayo hamtayapata kwangu. Moja sikupewa. La pili siruhusiwi kulitamka.

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Shomari, fundi cherehani, baba yake Mwamvita. Babu zake walitoka Lindi, lakini yeye Kinyakyusa alikisema kutushinda sisi wenyewe, hasa matusi. Cherehani yake ilikuwa hapa hapa Msasani, kwenye baraza ya duka. Jezi zetu alizishona kwa kitambaa chekundu kilichobaki alipowashonea watu mapazia, ndiyo maana jezi ya Sekela ilikuwa na maua. Kinga za miguu tulijitengenezea wenyewe: unachukua gome kavu la mgomba, unalikunja mara mbili mbele ya ugoko, unalifunga kwa kamba ya mgomba huo huo. Mshambuliaji akikupiga teke unasikia "kwaa!" tu, na anayeumia ni yeye. Ninyi mnavaa za plastiki za dukani. Sawa. Ila zenu haziwezi kuliwa na ng'ombe mchezo ukiisha.

Siku ya kwanza nilitaka kufunga magoli. Fundi Shomari alinitazama nikikimbia, akachomoa pini mdomoni.

"Wewe mama, mbio zako ni za mtu anayefuata kuku. Utakuwa beki."

"Beki ni kazi gani?"

"Beki ni Mreno."

Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Fundi Shomari alisema kulikuwa na Mreno mmoja, beki wa kulipwa kabisa, aliyecheza Beira. Alianza akiwa mshambuliaji, akarudishwa nyuma kwa uzito wa miguu, akakaa huko huko mpaka nywele zikawa na mvi. Alivunjwa pua kwenye kona, ikapona imepinda kushoto, na tangu hapo kila mshambuliaji aliyeiona alikuwa anapunguza mwendo kwa adabu. Niliuliza jina. Fundi akasema, "Jina la nini? Unataka akuoe? Tazama anavyocheza!" Namtazamaje, mtu yuko Beira? Lakini ndiyo hivyo, nikajifunza kazi kwa mtu nisiyemwona. Wenzangu wakaanza kuniita Mreno. Hata dukani, "Mreno, sukari imekuja."

Mafunzo ya mwanzo ya Mreno yalikuwa ya jumla. Usitazame mpira, mpira ni mwongo. Usitazame macho ya mtu, macho nayo yanadanganya. Tazama kiuno. Mtu anaweza kukupiga chenga kwa miguu, kwa mabega, hata kwa kukutania, lakini kiuno kinakwenda anakokwenda mwenyewe. Hilo, Glory, mwambie na yule beki wenu wa kulia, anayetazama mpira kama anatazama harusi.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakiogopa. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani. Ukiwa ndani akakohoa uani, unatokea mlango wa nyuma, hata kama ugali uko motoni. Husemi naye, humtazami, jina lake hulitamki. Ndilo hilo jina la pili. Si chuki, ni heshima, na yeye naye anakulipa hiyo hiyo: akikufumania kwa bahati mbaya, anageuka. Neema amekulia Mbeya mjini, siku ya kwanza alimpa mzee wangu mkono na "Shikamoo baba", mzee akabaki anautazama ule mkono kama ameshikishwa samaki. Mimi sikuwa hivyo. Nimeishi upande wa pili wa migomba ya baba mkwe wangu miaka mingi, na sura yake sikuijua. Nilijua kikohozi chake, nyayo zake na koti lake la kijivu.

Ambakisye alijua kwamba nacheza, na alinificha. Lakini alikuwa ameshaniambia wazi: "Mama Lusajo, cheza. Ila siku baba akikuona na kaptula, mimi sipo. Mpira umeisha, na sijui kama utaisha mpira peke yake."

Ikaja Mei Mosi. Tulicheza na wanawake wa Kawetele, shamba zima limekuja. Wanaume wa shamba walikuwa wanautaka uwanja Jumamosi zote, na nyapara wetu, Mwaisumo, akatuambia mbele ya watu, "Mkishinda, Jumamosi ni yenu. Mkishindwa, mrudi mkacheze rede." Kwa hiyo tulicheza kama watu wanaogombea shamba la urithi. Kipindi cha kwanza Subilaga akafunga moja, mdomo wazi vile vile. Kipindi cha pili kazi ikawa yangu: kumkaba Bupe, mshambuliaji wa Kawetele, mwanamke mwenye mbio na mdomo.

"Mreno," aliniambia, "leo nitakufungua kama kifungo."

"Njoo, mwanangu. Tundu la kifungo ni hili hapa."

Basi tuko hivyo, tunasukumana, nikasikia kikohozi. Nyuma ya goli letu. Ngozi yangu ilikijua kabla ya masikio. Nikatupa jicho chini chini: koti la kijivu, na mwavuli umefungwa mkononi. Baadaye nilikuja kujua aliyemwalika ni Fundi Shomari, ambaye wakati ule alikuwa anatazama mawingu kwa makini sana.

Mimi niko katikati ya uwanja mweupe kabisa, hakuna mgomba hata mmoja, nimevaa kaptula. Nifanyeje? Nikajibanza nyuma ya Bupe. Akienda kulia, naenda kulia. Akirudi, narudi. Nimemfanya ukuta.

"Dada, umekuwa kupe?"

"Usisogee! Mkwe wangu yuko nyuma ya goli."

Bupe akachungulia. "Yule mwenye koti?"

"Ndiye."

"Yesu wangu! Na hiyo kaptula!"

Bupe naye ni mke wa watu. Akatanua viwiko, akapanua gauni lake alilovaa juu ya kaptula, akanikinga vizuri kama kuku na kifaranga. Mpira ukapita pembeni yetu, hakuna aliyeugusa. Mwalimu wao akaanza kuruka.

"Bupe! Umeota mizizi? Kimbia!"

"Siwezi, mwalimu, kuna mkwe!"

"Mkwe wa nani?"

"Wa huyu!"

Wanawake wa Kawetele wote wakaelewa, wanaume wakakuna vichwa, refa akatazama saa. Tukaendelea hivyo, nami nikawa najisemea moyoni, Mungu akijalia tutamaliza tukiwa tumesimama hapa hapa. Lakini mpira ukaja miguuni kwake kabisa, umejileta wenyewe. Bupe akageuza kichwa kidogo. Niliuona moyo wake ukivutana.

"Dada, nisamehe," akasema, na huyoo.

Nikabaki wazi. Mbele yangu Bupe anakimbilia goli, nyuma ya goli baba mkwe wangu amesimama. Nikimfuata Bupe, nakwenda na kaptula yangu moja kwa moja mpaka machoni pake. Nikimwacha, Tumpe hawezi kumzuia, Tumpe alikuwa na ujauzito na tulimweka golini kwa sababu anajaza nafasi. Jumamosi zimekwenda. Nikasikia Fundi Shomari anapiga kelele, "Kiuno! Kiuno, Mreno!"

Nikatazama kiuno. Wallahi sikuona kitu kingine duniani. Kikaelekea kushoto, nikafika kushoto kabla yake, nikaupiga ule mpira kwa nguvu za hofu zote nilizokuwa nazo. Ukapita juu ya goli. Na huko nyuma ya goli ikasikika "paa!" kama mtu amepigwa kofi.

Nimejiangusha kifudifudi, uso kwenye nyasi, nangoja talaka. Tumpe ndiye alinisimulia baadaye. Aliponiona nakuja, mzee alifanya kama mkwe anavyotakiwa: alijigeuza, akafungua mwavuli, akaulaza begani. Mpira ukamkuta hapo, ukautoboa mwavuli. Halafu bila kugeuka akauliza:

"Nani kapiga?"

"Beki, tata," akasema Tumpe, yaani baba kwa Kinyakyusa.

"Beki gani?"

"Beki tu, tata."

"Mwambieni Beki Tu, mpira unatolewa pembeni. Hautolewi kwenye miavuli ya watu."

Kicheko kilichotoka uwanjani hapo kilifika barabarani. Bupe alicheka mpaka akakaa chini. Tukalinda goli letu moja mpaka kipenga, na Jumamosi zikawa zetu. Usiku ule Ambakisye alitoka kwa baba yake, nikamngoja mlangoni.

"Amesema nini?"

"Amesema hajamwona mtu yeyote. Ameona barabara tu. Na amesema barabara ile ni nzuri, ataenda tena kuitazama Jumamosi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi, mvua au jua, nyuma ya goli ninalolinda, miguu inatazama kule, mwavuli begani. Tukibadilisha upande, naye anabadilisha, anazunguka kwa nje polepole. Alikuwa akiwauliza wa karibu yake, "Nani ana mpira?" Wanamjibu, "Beki Tu, mzee." "Haya." Na mimi nikijua yuko pale haoni, nikacheza kwa raha yangu.

Cha ajabu ni Mreno. Baada ya Mei Mosi ile, habari zake ziliongezeka, na zikawa na vipimo. Jumatatu nikipita barazani na kikapu cha chai, Fundi Shomari ananiita.

"Unajua, yule Mreno alipohamia timu ya pili, alikuwa na ugonjwa wa kuinamisha kichwa mpira wa juu ukija."

Nami Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikaona sawa, mwalimu anatafuta mfano. Wiki nyingine Mreno akawa anasimama mbali mno na kipa wake. Nyingine, Mreno akawa anabishana na refa akamsahau mtu wake, kama mimi nilivyobishana na refa Gwakisa. Kisha ikaja Jumamosi moja ukungu ulishuka mchana, ule wetu wa kumeza mtu na mzigo wake, wakatufunga. Jumatatu Fundi akasema:

"Mreno kwenye ukungu alikuwa hatazami kabisa. Anasikiliza. Mtu anayekuja na mpira kwenye tope miguu yake inalia tofauti na ya mtu asiye nao."

"Kwani Beira kuna ukungu na tope?"

"Ukungu uko kila mahali, wewe mwanamke!"

"Na uwanja wenye mteremko kama huu wetu wa kushuka kuelekea Kinyala?"

Akaweka pini zote mdomoni ili asijibu.

Nilifanya kama Mreno alivyosema, na ni kweli, miguu inalia tofauti. Jaribuni. Na kwenye mteremko, kipindi mnachocheza kushuka, beki asipande na wenzake. Mpira ukirudi haumsubiri mtu. Hayo yote ya Mreno. Msimu baada ya msimu, akahama timu, akaumia goti, akaliuguza, akarudi, akazeeka pamoja na mimi. Nilimzoea kuliko ndugu zangu.

Baba mkwe wangu alifariki kwa uzee, kitandani kwake. Siku ya mazishi nilikuwa jikoni na wanawake, kwa desturi, nimejifunika. Mama mkwe akaja akanishika mkono. "Leo hakuna wa kumkimbia. Njoo umwone." Nikaenda. Nikatazama ndani ya jeneza, mara yangu ya kwanza kuiona sura ile.

Pua ilikuwa imepinda kushoto.

Nilitoa sauti, watu wakadhani ni kilio. Sehemu yake ilikuwa kilio.

Arobaini ilipokwisha, mwavuli ukaja kwa Ambakisye, urithi wake. Nikaufungua uani uote jua. Pale mpira wangu ulipoutoboa hapakuwa na kiraka. Palikuwa na tundu, saizi ya jicho, limezungushiwa uzi kwa mshono wa tundu la kifungo, mshono mzuri, wa mtu aliyechukua muda wake. Uzi mwekundu. Uzi wa jezi zetu.

Nikaubeba mwavuli mpaka barazani. Fundi Shomari alikuwa amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaunyanyua, nikamtazama kupitia lile tundu.

"Shomari."

"Naam, Beki Tu."

"Viatu vilitazama barabara."

"Viatu, ndiyo. Mimi nilishonea jicho, sikushonea viatu."

"Na Mreno?"

Akavua miwani. "Mreno alikuwepo, usinifanye mwongo. Mkweo alikwenda Beira ujana wake kutafuta kazi, akapata ya kufyeka nyasi za uwanja, akamtazama Mreno misimu miwili. Halafu Mreno akarudi kwao. Naye mkweo akaendelea kucheza, beki, na wenzake wa bandarini, mpaka hiyo pua."

"Na misimu mingine yote niliyoisikia kwako?"

"Kila Jumapili mtu anakuja na koti lake ati limechanika. Koti gani linachanika kila Jumapili? Anakaa hapo, ananiambia kila ulichokosea, na hawezi kukwambia mwenyewe. Ningefanyaje? Nikampa Mreno."

Nilikaa kwenye baraza ile mpaka akafunga cherehani. Miaka yote nilicheza kwa raha kwa sababu haoni, kumbe hakuna mtu duniani aliyenitazama kama yule.

Sasa, Neema. Mwavuli anaoshika baba mkwe wako ndio ule ule. Kitambaa kimebadilishwa mara moja, nilikibadilisha mimi, na tundu nililishona upya kwa mkono wangu. Nyumbani amekubali mkono wako kwa sababu unampa kabla hajajiandaa. Uwanjani, ukiwa na kaptula, malezi yake yanamgomea, basi hugeuka. Hugeuka miguu tu, jicho linabaki tunduni. Jumamosi ukicheza, tazama mwavuli upande wa kulia, chini kidogo ya ncha ya juu, utaona kitu kinang'aa. Usikipungie mkono. Usimshukuru wala usimwambie nimesema, atauacha mwavuli nyumbani na mimi ndiye nitakayekaa naye jioni nzima akiwa na hasira.

Vichukue viatu vyako juu ya gunia, vimeanza kupata masizi. Na Jumapili, tukiwa tunamenya ndizi, nikikwambia kwamba yule Mreno alikuwa na tabia ya kuchelewa kugeuka mpira ukipigwa nyuma yake, usiniulize Mreno gani. Geuka mapema.